Naombeni ushauri: kijito kimeingia sumu, nakisafishaje haraka?

Mwenye Shamba Mtama: Wakuu habari za muda huu. Nina shamba la mikorosho Mtama, chini kunapita kijito kinachoshuka mto Lukuledi. Maji yananuka dawa, perege wanaelea, bata wa jirani wamekufa. Nasikia chokaa inakata sumu. Nimwage mifuko mingapi?

Salfa Msimu Mzima: Pole mkuu. Sisi Tandahimba maji tunanunua kwa ndoo, nyie mnayo mnasuuzia mabomba ya kupulizia dawa. Mzee wangu alipuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kifua wazi miaka yote, na juzi kaongeza mke.

Mama Ming'oko: Watu wanateka hayo maji? Na wasidanganyane kuchemsha, sumu haifi kama vidudu vya tumbo.

Bwana Shamba Mstaafu: Salfa peke yake haiui samaki hivyo. Dawa gani?

Mwenye Shamba Mtama: Sijui.

Bwana Shamba Mstaafu: Hujui au husemi?

Mwenye Shamba Mtama: Haya. Shambani kuna banda, zamani lilikuwa stoo ya viuatilifu. Nilikuta madumu yameandikwa endosulfan, vijana wakayatoa wakayalaza ukingoni. Yanavuja. Ila nimeshalipia katapila la Alhamisi, lichote tope lote limwagwe juu shambani. Mnunuzi anakuja Jumamosi na kashatoa kishika uchumba. Nikiita serikali si biashara imekufa?

Bwana Shamba Mstaafu: Endosulfan iliingizwa Mkataba wa Stockholm mwaka 2011 ili ifutwe duniani, wewe unaikatia bei na shamba! Sumu hiyo inang'ang'ania tope. Ukilichokonoa ndani ya maji inaibuka na kushuka mpaka ghuba ya Lindi. Ukilirundika shambani, mvua za Desemba zinalirudisha. Chokaa nayo itamaliza samaki waliobaki. Ahirisha katapila, piga tuta kati ya madumu na maji, mtu asiguse kwa mikono mitupu. Kisha ripoti NEMC, wale wa baraza la mazingira, na bodi ya maji ya bonde la Ruvuma pale Mtwara. Wenye vifaa ndio wanaohamisha madumu, wanachepusha maji, wanatoa tope na kulipeleka kuteketezwa kwenye tanuri la joto kali.

Mama Ming'oko: Na swali langu la watekaji?

Mwenye Shamba Mtama: Wachache tu. Nimeweka kibao.

Kiboko ya Chai: Subirini. Agosti hii vijito vya huko vimekauka, perege wanaogelea vumbi? Na maandishi ya dumu yasomeke miaka yote hiyo? Chai hii, sukari imezidi. Mwanachuo katafuta wa kumfanyia kazi ya darasani.

Salfa Msimu Mzima: Weka picha mkuu.

Mwenye Shamba Mtama: Pana chemchemi, haikauki. Picha siweki, mnunuzi naye yumo humu.

Mama Ming'oko: Ngoja kwanza. Mdogo wangu kalipia shamba Mtama mwezi uliopita, hati anapewa Jumamosi. Hilo banda bati lake jekundu?

Mwenye Shamba Mtama: Dada njoo inboksi.