Baiskeli ya Babu na chanjo ya Hijja

Kikundi: UKOO WA NGAMIANI 🌴

Shangazi Mwanaidi: Assalaam alaykum. Baba kaonekana tena leo Raskazone na baiskeli. Miaka 71! Wiki ijayo tunachanjwa kwa safari ya Hijja, mtu anatakiwa atulie damu ikae sawa. Salim, ifungie stoo hiyo baiskeli.

Salim: Waalaykum salaam Shangazi. Nimfungie Babu baiskeli mimi? Mtanizika nani na nani?

Mama Zuhura: 😂😂😂

Shangazi Mwanaidi: Cheka tu. Mwili ukichoka kinga inashuka.

Mjomba Hamisi: Kweli hilo. Mzee akae barazani anywe kahawa zake.

Rehema: Shikamooni wote. Ndo natoka zamu ya usiku. Jamani Babu aachwe.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Nesi kaja kututetea mgonjwa wake.

Rehema: Si mgonjwa ndiyo maana namtetea 😄 Shangazi, nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi inaitwa thaimasi. Ni kama chuoni kwa maalim: seli T za kinga zinaingia mbumbumbu, zinatoka zinajua adui ni nani. Tezi hiyo inaanza kusinyaa tangu ujanani, uzeeni sehemu kubwa imegeuka mafuta. Hiyo ni sababu mojawapo chanjo ile ile inamkolea kijana kuliko mzee.

Mama Zuhura: Hee, na baiskeli inaingiaje hapo?

Rehema: 2018 watafiti wa Birmingham na King's College London, Uingereza, waliwapima waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 hadi 79, watu wa baiskeli tangu utu uzima wao. Thaimasi zao zilikuwa bado zinatoa seli T mpya kwa kiwango cha vijana. Wa rika lao wasiofanya mazoezi, zilishapungua.

Salim: Baiskeli kumbe! Basi Tanga nzima tumeokoka 🚲🚲

Rehema: Taratibu. Mwanaume hakuingizwa humo mpaka aweze kilometa 100 chini ya saa 6 na nusu. Babu anafika Raskazone, tena njiani lazima asimame kwenye mahamri.

Mjomba Hamisi: Mimi sikubali. Pengine hao ni wazima tangu mwanzo ndiyo maana wanaendesha. Mwenye maradhi atapanda baiskeli wapi?

Rehema: Mjomba umegonga penyewe. Ndiyo maana naupenda zaidi utafiti wa Illinois, Marekani, wa 2009. Wale walichukua wazee wa kukaa tu, kuanzia miaka 60, wakawagawa. Kundi moja mazoezi ya kutoa jasho na kupandisha mapigo ya moyo, jingine kunyoosha viungo na kujizoeza kusimama bila kuyumba. Miezi 10. Katikati wote wakachanjwa mafua. Wiki za mwanzo hukuona tofauti kubwa. Wiki ya 24 ndipo ikaonekana: kwenye kundi la jasho, wengi zaidi walikuwa bado wana kinga ya kutosha.

Mjomba Hamisi: Haya. Basi kesho nakimbia mpaka Pongwe.

Rehema: Usije ukaanguka njiani tukakubeba na bajaji. Miezi, Mjomba, miezi! Wiki moja ya kujikomoa siyo walichopima. Na utafiti huo ni wa mafua. Chanjo ya uti wa mgongo ya Hijja sina la kudai. Baiskeli haiwi badala ya sindano. Shangazi, sindano hiyo isipungue siku 10 kabla hamjafika Saudia, msije mkarudishwa.

Ujumbe huu umefutwa

Mama Zuhura: Salim umefuta nini?

Salim: Nilikosea kikundi 🙈

Rehema: Na Shangazi mwenyewe? Safa na Marwa mara 7 ni kilometa 3 na ushei, hapo hujahesabu tawafu. Unashinda dukani umekaa.

Shangazi Mwanaidi: Goti, mwanangu.

Rehema: Tembea basi, si lazima upande baiskeli. WHO wanasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Ule wa kuweza kuongea lakini huwezi kuimba kaswida. Ukiwa na homa siku hiyo pumzika.

Babu: Mnanijadili kama mwali wa ndani nami nimo humu humu nasoma

Salim: Shikamoo Babu 😬

Babu: Marahaba. Tairi la nyuma linavuja. Pita kwa fundi Barabara ya 12 uniletee kiraka na solusheni. Pampu ninayo

Shangazi Mwanaidi: Baba, hivi kesho unatoka saa ngapi?

Babu: Nikishaswali alfajiri. Wewe wa miguu tangulia, nitakukuta Bombo

Mama Zuhura: Baba mkwe, ukirudi nipitishie mahamri ya elfu mbili.