Tupeane uzoefu: daktari wa mifugo alipokuja kuhasi mbwa na paka wa mtaani kwenu

Mlima Meru
Wakuu, habari za wakati huu. Naomba tukusanye hapa visa vya kweli kuhusu mazoezi ya kuhasi mbwa na paka mitaani, hasa upande wa daktari wa mifugo. Mara nyingi sifa zinakwenda kwa mfadhili aliyeleta dawa na gari. Daktari wa kata, ambaye tunabaki naye mwaka mzima, hatajwi.

Naanza mimi. Huku kwetu Usa River mbwa wengi wana wenyewe, ila wanafunguliwa wajitafutie. Jike likiingia kwenye joto, madume ya kijiji kizima yanalifuata na kung'atana barabarani, na baada ya miezi miwili watoto wapo kwenye mtaro, wengine wametupwa ndani ya kiroba wakiwa hai. Zoezi lilitangazwa msikitini na kanisani, lakini asubuhi ile watu walileta mbwa wa kuchanjwa tu. Wazee walishikilia kwamba mbwa akihasiwa habweki tena, mwizi atampita hivihivi.

Afisa mifugo wetu hakubishana nao. Alirudi nyumbani akamleta mbwa wake, dume alilolihasi siku nyingi, akalifunga kwenye nguzo ya lango la ofisi ya kijiji. Kila aliyekaribia alibwekewa hadi akasogea pembeni. Mchana foleni ikaanza. Na walimsikiliza kwa sababu ndiye anayeitwa usiku ng'ombe akishindwa kuzaa, ndiye anayewachanjia kuku kideri. Mgeni angesema maneno yaleyale wasingemwelewa.

Karibuni, nanyi mseme ya kwenu.

Bint Mkunazini
Assalaam aleikum. Kwetu Mji Mkongwe mambo ni ya paka. Wapo barazani, wapo Darajani kwenye samaki, usiku wanalia juu ya mabati. Watu wanawapenda, wanawapa chakula, lakini mkono wa daktari kuwagusa uzazi wao ni jambo jingine. Bibi yangu aliuliza moja kwa moja, "Mwenyezi Mungu kamuumba hivi, wewe unambadilisha kwa idhini ya nani?"

Daktari aliyekuja mtaani kwetu ni mwanamke, mtoto wa hapahapa. Hakumjibu bibi papo hapo. Alikwenda kwanza kwa imamu wa msikiti wetu, wakakaa wakazungumza. Imamu alieleza baada ya sala kwamba wanachuoni wamekhitilafiana katika suala hili, na wapo wanaoruhusu pale panapokuwa na manufaa na mnyama hadhuriki. Akakumbusha na ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula. Kuanzia hapo swali la watu likawa, je, anaumia? Na hilo daktari alikuwa na jibu lake: alimruhusu bibi akae aone.

Bibi alikaa kwenye kigoda akaangalia mwanzo mpaka mwisho. Paka alichomwa sindano ya usingizi, akalegea, lakini macho yakabaki wazi kabisa, na bibi akastuka akidhani amekufa. Daktari akamweleza kuwa dawa ile ndivyo ilivyo, paka hafumbi macho, ndiyo maana anampaka mafuta ya dawa machoni yasikauke. Tumbo likanyolewa mahali padogo, pakasafishwa, pakapasuliwa upenyo usiozidi upana wa vidole viwili. Akishalala vilevile, ncha ya sikio la kushoto hukatwa kidogo, ili akionekana barabarani ijulikane ameshafanyiwa na asikamatwe tena bure. Baada ya hapo akaviringishwa kanga, pembeni akawekewa chupa ya maji ya moto. Kanga ile ilikuwa ya bibi, aliivua mwenyewe begani.

Kijana wa Kibokoni
Mimi niko Mombasa, na yangu yana uchungu kidogo.

Kuna kikundi cha wageni kilikuja mtaani kwetu, sitakitaja. Walikuwa na vifaa vizuri na nia njema, wakafanya kazi wikendi moja, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna daktari wa hapa aliyeshirikishwa, wala nambari ya simu haikuachwa. Siku chache baadaye jike la jirani, mbwa wa kulinda godauni, likawa limelamba mshono hadi ukafumuka. Jeraha likaanza kutoa usaha na nzi wakatua.

Tulimpigia daktari wa mifugo mwenye duka la dawa karibu na soko. Alikuja na pikipiki jioni ileile, akasafisha, akashona upya, akaacha dozi ya antibayotiki. Uzi wake, dawa yake, mafuta yake, na mwenye mbwa hakuwa na kitu mkononi. Wakaja wengine wawili watatu wenye shida kama hiyo na wote akawatibu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba lawama zilimwangukia yeye. Watu walisema "hawa madaktari wa mbwa wameharibu". Ilimbidi apite nyumba kwa nyumba kueleza. Sasa hivi kikundi chochote kikija, sisi vijana tunauliza kwanza: daktari gani wa hapa yuko nanyi, na dawa za wiki mbili zijazo mmemwachia nani?

Dokta wa Mzumbe
Nimesoma SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro na kazi hii naifanya, kwa hiyo niseme kidogo kutoka upande wa meza.

Dume ni kazi fupi. Jike ni upasuaji wa tumbo, unaondoa mfuko wa uzazi na ovari, na mshipa mmoja usipofungwa vizuri anavuja damu ndani huku nje kila kitu kinaonekana sawa. Ndiyo sababu sipendi kushindana kwa idadi ya wanyama kwa siku. Daktari aliyechoka saa kumi jioni ni hatari kwa jike la mwisho kwenye foleni.

Baridi nayo inaua. Mnyama aliyelala kwa dawa hawezi kujipasha joto, na watoto wa paka ndio wanaopoa haraka zaidi. Kanga ya bibi wa Mkunazini ilikuwa matibabu kamili.

Jambo la pili ni kichaa cha mbwa, maana hapa watu huchanganya. Kuhasi peke yake hakuzuii kichaa. Kinachozuia ni chanjo, na lengo ni kufikia angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Lakini mbwa wakizaana ovyo, baada ya mwaka mtaa umejaa watoto ambao hawajachanjwa na ile asilimia inaporomoka. Kwa hiyo vitu hivi viwili vinakwenda kwenye meza moja. Kuwapiga risasi au kuwawekea sumu, kama baadhi ya halmashauri zilivyozoea, hakujawahi kumaliza kichaa. Unaua na waliochanjwa, halafu wengine wanaingia kujaza nafasi. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, chanjo za bure hutolewa sehemu nyingi. Ombeni na kuhasi kuwekwe siku hizo.

La tatu halisemwi kwa aibu. Kuna uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa wanaambukizana wakipandana, unatoa damu, na watu hudhani jike liko kwenye joto miezi yote. Unatibika kwa sindano za kila wiki, ila dawa yake ni ghali na kali. Tangu tuanze kuhasi mtaani kwangu naona wagonjwa wa namna hiyo wakipungua.

Shamba la Mgeta
Dokta, huku mlimani kuna jamaa anahasi madume ya ng'ombe, basi na mbwa anawachukulia hivyohivyo. Wembe, mbwa amefungwa miguu na mdomo, bila ganzi, halafu majivu kwenye kidonda. Nimeshuhudia mbwa wa shemeji akipiga kelele hadi sauti ikakata. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008 lakini huku haijafika. Kilichomwacha jamaa bila wateja ni daktari wa kata kupanga siku moja kwa mwezi ya kuhasi, bei nafuu, na wenye bustani za mboga wanalipa baada ya mavuno.

Mama Wawili
Samahani, naomba kuuliza. Paka wangu ananyonyesha, watoto wana wiki tatu. Daktari anakuja Jumamosi. Nimpeleke?

Dokta wa Mzumbe
Mama, Jumamosi hii mwache. Subiri watoto waachishwe, wakiwa na wiki kama nane, na maziwa yapungue. Ila mfungie ndani kuanzia leo, kwa sababu paka anaweza kushika mimba akiwa bado ananyonyesha, na mimba yake ni siku 63 hivi. Wale watoto nao usiwasahau. Jike wa miezi minne au mitano tayari anaweza kubeba. Kama kuna dume mkubwa hapo nyumbani, huyo mpeleke Jumamosi. Asile kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo, maji anywe. Na akirudi mtenge na majike wiki kadhaa, mbegu hubaki mwilini kwa muda hata baada ya kuhasiwa.

Kabla hujaondoka pale mezani, chukua namba ya daktari. Mshono ukivimba au akikataa kula kesho yake, piga hata kama ni usiku.