Mama yangu wa miaka 64 kuitwa MTORO mbele ya foleni nzima!

Wakuu, ndiyo kwanza natoka hospitali, mikono bado inatetemeka. Yule dada wa kliniki ya TB, mlango wa mwisho kulia, mnamjua wote, sauti yake inaamsha mpaka waliolala mochwari. Mama hajakanyaga hata kizingiti, keshanyanyua kadi juu kama refa: "Haya, MTORO wetu karudi!"

Mtoro! Bi mkubwa huyu yuko mwezi wa tatu wa dozi na hajawahi kuruka kidonge, mpaka wiki hii tulipokwama siku nne msibani, kaka yake kafariki Singida. Namba yangu imeandikwa kwenye kadi ile ile aliyokuwa anaipeperusha, si angepiga? Mtoro ni mwanafunzi aliyejificha kwenye maembe! Foleni nzima ikageuka, watoto wachanga wakaacha kulia wamwangalie. Mama akavuta mtandio mpaka machoni.

Na hata kwa hesabu zao wenyewe hajafika huko. Mgonjwa wa TB anahesabiwa amepotea akikatisha dawa miezi 2 mfululizo, siyo siku nne! Shirika la Afya Duniani lenyewe liliacha kuwaita wagonjwa watoro tangu 2013, maana neno linamtupia mgonjwa lawama kabla hajaulizwa kilichompata. Angesema tu "Mama, tulikukosa, kulikoni?" angepungukiwa nini?

Sasa kajifungia chumbani. Dawa ni bure, kikohozi kimekata, kilo zimeanza kurudi, na anasema heri afe kuliko kupita tena mlango ule. Miezi mitatu imebaki! MTORO!!

Kijiwe Nongwa: Pole mkuu. Ila bakteria nao hawakwenda msibani, siku nne si mchezo.

Mleta uzi: Aulizwe basi! Afokewe hata faragha! Lakini MTORO, mbele ya jirani zetu?

Gauni Jeupe: Mimi nesi. Mtu mmoja, foleni kuanzia saa moja asubuhi, chai hujanywa. Njooni mkae nyie siku moja tuwasikie lugha zenu.

Mpwa wa Tandale: @Gauni Jeupe kumbe ni wewe wa mlango wa mwisho 😂😂

Mama Pacha: Mtoro afadhali. Mimi leba, miaka 36, naitwa "bibi". "Bibi sukuma!" Nilisukuma kwa hasira.

Kobe Mkimbiaji: Mleta uzi unalia kama wewe ndiye uliyeitwa. Mpelekee mama uji, mwombe arudi.

Fundi Bomba: Mimi kila nikienda naambiwa UTI. Nimeangukiwa na tofali kwenye kidole, nikapimwa mkojo. UTI.

Mpwa wa Tandale: Usisahau taifodi, wanatembea pamoja hao.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mama hajala tangu asubuhi. Nani anajua kituo kingine cha kumhamishia dawa asipite pale?

Kijiwe Nongwa: Omba barua ya uhamisho, wanatoa. Dozi isikatike tu.

Mleta uzi: Barua yenyewe anaandika YULE YULE!

Fundi Bomba: Na maegesho ya pale mmeyaona? Nusu saa buku.

Mama Pacha: Maegesho tena? Chapati za kantini! Ndogo kama kifuniko cha soda.

Kobe Mkimbiaji: Zile zilikuwa mia tano juzi tu. Nani kapandisha?