Mjadala: P-40, P-39 au Wildcat? Na je, simyuleta inaionea P-40?

Mleta mada

Wakuu wa anga, salaam. Kuna ubishi hauishi kila tukiingia hewani: kati ya ndege za kivita alizoanzia Mmarekani, 1941 hadi mwisho wa 1942 (P-40, P-39 na Wildcat), ipi ilikuwa ya maana? Wengi wanasema zote mikweche, tusubiri P-51, ndege ya Marekani iliyokuja baadaye. Mimi nasimama na P-40E, tena nasema IL-2 Great Battles, simyuleta tunayorushia, imeionea.

P-40E ina injini ya Allison yenye nguvu za farasi 1,150 na rashasha sita nzito mbawani. Kupanda ni mvivu, hilo halina ubishi. Lakini kwa kupiga mbizi hakuna Zero, ndege ya kivita ya Wajapani, ya kuifuata. Kamanda Claire Chennault aliwafundisha marubani wake wa Kimarekani wa kujitolea kule China wasithubutu kukata kona na Mjapani: ingia kutoka juu, piga, shuka, potea. Walianza kazi 20 Desemba 1941 karibu na Kunming, kikosi kikavunjwa 4 Julai 1942, na wameandikiwa ndege zinazokaribia 300. Nao kwa sehemu kubwa walitumia P-40 za awali, zilizokuwa na rashasha nzito mbili tu puani, zilizobaki ndogondogo.

Sasa uonevu. Mwongozo wa ndege unaruhusu shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, inchi 42 za zebaki, kwa dakika 5. Kwenye gemu, ukizipitisha hizo dakika, injini inakufa, hata kama joto liko sawa. Ila Desemba 1942 Allison wenyewe, watengenezaji wa injini, waliandika barua wakieleza kwamba marubani Australia na Mashariki ya Kati walikuwa wakisukuma inchi 66, hata 70, na kurudi nyumbani. Kwa hiyo tunaendesha kijitabu, hatuendeshi ndege.

Mtu wa Wildcat

Mkuu, umeipita Wildcat, ndege ya jeshi la majini, kama hukuiona. Sawa, Great Battles haina Wildcat, lakini IL-2 1946, gemu la zamani la ukoo huohuo, ina zote tatu, basi tulinganishe huko.

P-40 yako ikivuka futi 15,000 inaanza kuhema. Supachaja yake, yaani pampu inayoshindilia hewa kwenye injini, ni ya hatua moja, gia moja. Wildcat ina hatua mbili na gia mbili, kwa hiyo huko juu bado inavuta. Kwenye kisiwa cha Guadalcanal, Pasifiki, Wajapani walikuja na ndege za mabomu zaidi ya futi 20,000, na waliowapandia ni Wildcat. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na P-400 uwanja uleule wa Henderson, yaani P-39 zilizotengenezwa kwa ajili ya Waingereza. Oksijeni yake ilikuwa ya mfumo wa Kiingereza na vifaa vya kuijaza havikuwepo kisiwani. Zikabaki kushambulia askari wa ardhini.

Ila ukichagua, chukua F4F-3, achana na F4F-4. Hiyo ya pili walitia mbawa za kukunja ili zienee nyingi melini, wakaongeza rashasha kutoka nne hadi sita, lakini risasi kwa kila bunduki zikashuka kutoka 450 hadi 240. Piga hesabu: bunduki zimezidi, risasi kwa jumla zimepungua, na ndege imekuwa nzito. Marubani walinung'unika sana, na mimi nanung'unika nao.

Na mkiwa wawili, mtindo wa John Thach, rubani wa jeshi la majini la Marekani. Mnapishana kama mtu anayesuka ukili: anayemfukuza mwenzako anajikuta uso kwa uso na bunduki zako. Ulitumika vitani Midway, kisiwa cha Pasifiki, 4 Juni 1942. Peke yako usijaribu ushujaa.

Mdau wa P-39

Mnabishana mambo ya futi 20,000 wakati humu mapigano mengi yanaishia juu ya miti? Chini ni kwa Airacobra, yaani P-39. Mzinga wa milimita 37 unapiga katikati ya propela, na injini iko nyuma ya kiti. Ganda moja likimpata mtu hamna mjadala tena. Ni kweli Wamarekani waliiondolea tabochaja, pampu ya hewa ya kuisaidia huko juu, kabla haijaingia kazini, ikabaki ya chini tu. Lakini Warusi walipigana chini hukohuko, wakapokea zaidi ya 4,500, na Pokryshkin mwenyewe, rubani wao mashuhuri, aliipenda.

Onyo moja: maganda ni 30 tu kwenye toleo la kawaida, na yakiisha pua inakuwa nyepesi. Ukivuta jostiki kwa pupa hapo, inaanza kuzunguka na haitaki kutoka. Waliokufa humu kwa namna hiyo ni wengi kuliko waliopigwa na adui.

Fundi

Mleta mada, ile barua ya Allison umeisoma nusu. Kampuni haikuwa inasifia, ilikuwa inalalamika kwamba injini zinatumiwa vibaya. Inchi 70 unazipata karibu na usawa wa bahari tu, kwenye hewa nzito. Futi 15,000 pampu yenyewe haiwezi kukupa. Na rubani wa kweli alijua injini ikigoma juu ya msitu wa New Guinea harudi. Wewe ikigoma unabonyeza kitufe, una ndege mpya. Wakitoa kikomo, kila mtu atasukuma mkono wa nguvu mpaka mwisho kuanzia anaruka hadi anatua.

Mleta mada

Fundi, hapo kwenye kubonyeza kitufe sina jibu. Lakini mimi sikuomba kikomo kitolewe, nilisema saa si kipimo kizuri. Gemu la IL-2 1946 lilikuadhibu kwa joto: ukisahau kufungua rejeta, injini inaungua, na unajua kwa nini. Great Battles inakuhesabia dakika.

Halafu angalia mzigo wa rubani. P-40E haina kifaa cha kuzuia shinikizo lisizidi. Uko juu, mkono mbele kabisa, sindano inasoma 35. Umemwona mtu chini, unapiga mbizi, hewa inakuwa nzito, na sindano inapanda yenyewe hadi 42, 50, wakati macho yako yako kwenye nukta ya kulengea. Lazima mkono wa kushoto urudishe nguvu huku wa kulia unalenga. Mwenzako kwenye Bf 109 F-4 ya Mjerumani propela inajirekebisha yenyewe, yeye kazi yake kuangalia nje. Mtu akipoteza P-40 kwa hilo, anaandika kwamba ndege ni mbovu. Ndege si mbovu, ina kazi nyingi.

Mchangiaji mwingine

Mmeisahau Buffalo, ndege nyingine ya kivita ya Mmarekani. Midway Wamarekani walipeleka ishirini, kumi na tatu hazikurudi. Ndege hiyohiyo, toleo jepesi zaidi, Ufini walinunua 44 na wakawatesa nazo Warusi kwa miaka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ndege ipi, uliza inapigana na nani.

Na kama unajiuliza iwapo ukoo wa P-40 ulifika Afrika Mashariki: ndiyo. Mohawk, jina la Waingereza kwa Curtiss iliyoitangulia P-40, ziliruka Ethiopia 1941 dhidi ya Waitaliano, mikononi mwa Waafrika Kusini.

Mtu wa Wildcat

Maneno mengi. Mleta mada, njoo Jumamosi na P-40E yako, mimi F4F-3, nusu tangi kila mmoja.

Mleta mada

Nakuja. Futi 10,000, tupishane uso kwa uso, mwendo sawa, na ruhusa ya kupiga mbizi isiondolewe. Ukitaka turudie futi 20,000 nitakuja pia, ila hiyo isiandikwe popote.