Naomba ushauri: mfuko wa hewa wa gari langu ulitakiwa kubadilishwa Japani, hapa Dar hakuna anayeushughulikia

Mkazi_wa_Tabata:
Wakuu, habari za jioni. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2005, nililoliagiza mwaka 2014, na tangu hapo limenitumikia vizuri kwa safari za mjini na, kila Desemba, safari ya Moshi. Mwezi uliopita iliwaka taa nyekundu kwenye dashibodi, ile yenye mchoro wa mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua chake. Mpwa wangu akanisaidia kuingiza namba ya chasisi katika ukurasa wa mtengenezaji, ulioandikwa Kijapani, na jibu likatoka kwamba mfuko wa hewa wa abiria wa mbele ulitakiwa kubadilishwa miaka mingi iliyopita na haujabadilishwa. Nilikwenda kwa wakala wa kampuni hiyo hapa Dar es Salaam nikaambiwa kuwa gari halikuuzwa na wao, kwa hiyo halimo katika vitabu vyao. Kampuni sitaitaja. Swali langu ni hili: mfuko wa namna hii ukiachwa bila kuguswa, hatari yake ni kubwa kiasi gani, na je, mtu anaweza kuliendesha gari hilo kwa amani akiwa peke yake?

Baba_Junior_Kimara:
Pole sana, mkuu. Mimi nakushauri ufunge mkanda kila wakati na umwachie Mungu mengine, kwa maana mifuko hii nimekwisha kuikatia tamaa. Mwaka juzi niligonga lori kwa nyuma njia ya Chalinze, kifua kikapiga usukani, na hakuna mfuko uliofunguka. Fundi alipobandua kifuniko cha usukani tulikuta kipande cha sponji ya godoro kimekatwa vizuri kwa kisu na kujazwa pale penye nafasi ya mfuko. Miaka minne nilikuwa naendesha godoro! Tangu siku hiyo, kila gari ninalopanda hulitazama kwanza mshono wa kifuniko cha usukani.

Fundi_Umeme_Ilala:
Mleta mada, umechanganya mambo mawili. Taa hiyo huwaka pale kompyuta ya mifuko inapoona kasoro ya umeme, kwa mfano waya unaozunguka ndani ya usukani umekatika au soketi ya njano iliyo chini ya kiti imelegea. Kasoro iliyofanya magari yarejeshwe haiwashi taa yoyote. Ndani ya mfuko kuna kopo la chuma lenye vidonge vya kulipuka, na katika mifuko ya Takata, kampuni ya Kijapani iliyowauzia watengenezaji wengi wa magari, vidonge hivyo vilitengenezwa kwa amoniamu naitreti, kemikali tunayoijua zaidi katika mbolea. Mengi ya makopo hayo hayakuwekewa kikausha unyevu. Joto na unyevu vikiingia na kutoka kwa miaka, vidonge hupoteza ugumu wake, na siku ya ajali huungua kwa kasi kupita kiasi hadi kopo lenyewe linapasuka. Kinachomfikia aliyeketi mbele ni vipande vya chuma vinavyopenya kitambaa cha mfuko. Kwa hiyo gari lenye taa iliyozima linaweza kuwa na kopo bovu. Nakuuliza moja tu: taa hiyo bado inawaka?

Mtanzania_Houston:
Ndugu zangu, huku Marekani mwito huu wa kurejesha magari yabadilishwe mifuko ulianza kwa mapande. Mwaka 2014 kampuni ziliitisha kwanza magari ya sehemu zenye joto na unyevunyevu kama Florida, Hawaii na Puerto Rico, na serikali ilipotaka mifuko ya upande wa dereva ibadilishwe nchi nzima, Takata ilikataa mwanzoni. Ilikubali Mei 2015. Hatimaye yamehusishwa makopo yapatayo milioni 67 huku peke yake, na waliokufa wamepita 25. Mimi nilipokea barua tatu za posta, na hata baada ya hapo nilisubiri miezi saba kwa sababu vipuri havikuwapo. Mke wangu alikuwa akiketi kiti cha nyuma kama abiria wa teksi. Jambo linaloniumiza ni kwamba walianza na Florida kwa sababu ya hali ya hewa yake, na Dar es Salaam ina hali ya hewa ya namna hiyo hiyo mwaka mzima. Mwaka huo huo wa 2014 mama mjamzito alifariki huko Malaysia kwa kipande cha chuma kutoka katika mfuko wa namna hii. Anayeishi Dar barua ingemfikiaje, ikiwa mtengenezaji anamfahamu mnunuzi wa kwanza tu kule Osaka?

Mkazi_wa_Tabata:
Nawashukuru. Taa haiwaki tena.

Fundi_Umeme_Ilala:
Haiwaki kwa sababu imetengenezwa, au kwa sababu imezimwa?

Mkazi_wa_Tabata:
Fundi wa jirani aliunganisha rezista ndogo ili kompyuta idhani kila kitu kipo sawa. Si mimi niliyemwagiza. Nilimwambia tu kwamba taa inanisumbua.

Mwalimu_Mstaafu:
Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini na mbili na ninamjua mwanafunzi anayeuliza swali la pembeni. Umeuliza kama "mtu" anaweza kuendesha akiwa peke yake, hukuuliza kama wewe unaweza. Mtu huyo ni nani?

Mkazi_wa_Tabata:
Shikamoo, mwalimu. Naona nisifiche. Gari nimeliuza kwa nusu. Dada mmoja tunayefanya naye kazi amenipa milioni mbili za awali, na iliyobaki atalipa mwisho wa mwezi. Ana mtoto wa darasa la pili ambaye atakuwa akimpeleka shule. Lakini naomba msinihukumu kwa haraka. Nimempunguzia laki nane, alikuja na fundi wake akalikagua, na mimi mwenyewe niliuziwa gari hili bila kuambiwa neno. Fedha ile nililipia ada, na leo imebaki milioni moja na laki nne.

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba. Fundi wake alikagua dashibodi ambayo wewe ulikwisha kuizima. Laki nane uliyopunguza, yule mama anadhani umempunguzia kwa wema.

Mpekuzi_Sinza:
Samahani, lakini mimi nanusa chai hapa. Akaunti imefunguliwa wiki hii, halafu tunaletewa taa nyekundu, mpwa mwenye Kijapani, wakala asiye na huruma na mama mwenye mtoto mdogo, kila kimoja kikija kwa zamu yake. Nahisi kesho atatokea mtu wa kuuza mifuko mipya. Kama ni kweli, tueleze namba yako ya chasisi imekaaje; usiitaje yote.

Mkazi_wa_Tabata:
Akaunti ni mpya kwa sababu ya zamani anaifahamu mnunuzi. Namba imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, inaanza na herufi tatu, kisha tarakimu tatu, kistari, halafu tarakimu saba. Nilijaribu kwanza ukurasa wa Marekani ukaikataa, ukidai herufi na tarakimu 17.

Fundi_Umeme_Ilala:
Mpekuzi, hapo mimi nimeridhika. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi ya namna hiyo, na mtu anayetunga hadithi angenakili ile ndefu kutoka mtandaoni. Wateja wangu wengi hukwama hapo hapo: hujaribu ukurasa wa Kiingereza, hukataliwa, kisha hujiona wako salama.

Mwana_wa_Kisauni:
Huku Mombasa hatuko mbali na yenu. Kenya huzuia gari lililopita miaka minane siku linapoingia, ila likishaingia miaka yake huendelea kuhesabika, na hewa ya chumvi haimwonei mtu huruma. Langu ni la 2009, niliingiza 2016. Nimesoma uzi huu nikashuka hadi barazani kuliangalia. Nilichojifunza ni kwamba Japani tangu 2018 gari lenye kopo la hatari ambalo halijabadilishwa hunyimwa cheti cha ukaguzi, na bila cheti haliruhusiwi barabarani. Gari lisilopita kule, nani anazuia lisipandishwe meli kuja kwetu?

Baba_Junior_Kimara:
Kwa nini asinunue mfuko mwingine kwenye vipuri vya mtumba pale Gerezani, Kariakoo, akamaliza?

Fundi_Umeme_Ilala:
Kaka, mifuko ya mtumba ya Gerezani imetoka katika magari ya umri ule ule. Unaweza kutoa kopo bovu ukaweka bovu zaidi kwa laki tatu. Kinachofaa ni kuagiza kipuri kipya kwa namba ya chasisi, au kumwandikia mtengenezaji moja kwa moja ukiambatisha lile jibu la Kijapani.

Mkazi_wa_Tabata:
Nimempigia simu yule dada mnunuzi jioni hii. Nilimweleza juu ya mfuko, na juu ya rezista. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi cha kusikia maji ya bomba yakijaza ndoo kwake, kisha akaniuliza swali moja: siku nilipopokea fedha yake, nilikuwa nimekwisha kujua? Nikamjibu kuwa nilijua. Akakata. Kesho namrudishia iliyopo, na laki sita nitaitafuta kabla ya mwisho wa mwezi. Fundi, nikikuletea gari Jumamosi utalifanya nini?

Fundi_Umeme_Ilala:
Nitaitoa rezista kwanza, taa irudi kuwaka, ndipo tutafute kilichoiwasha. Mfuko wa abiria nitauchomoa betri ikiwa imetolewa na tukiwa tumesubiri umeme uishe ndani ya kompyuta, na ubaki umechomolewa hadi kipuri kipya kifike. Njoo asubuhi mapema kabla ya foleni ya Buguruni, na uje peke yako, kiti cha kushoto kiwe wazi.