"SIMAMA WAKUONE" - miaka sita nailea seva ya barua pepe, leo nimesimamishwa kama mwizi wa kuku

Wakuu naandika mikono inatetemeka, nimetoka mkutanoni sa hivi na chai sijanywa. Yule mzee wa ghorofa ya juu mnamjua, mwenye simu tatu mezani na zote hapokei. Leo mbele ya wafanyakazi wote, mpaka mama wa chai yupo na birika mkononi, kaninyooshea kidole kasema "simama wakuone, huyu ndo anayeua barua pepe zenu". Simama wakuone! Mimi!

Sa sikilizeni. Paswedi yake ni jina la mwanae na 123, anaijua mpaka mlinzi wa getini. Nilivyoweka utaratibu kila mtu athibitishe kwa namba inayokuja kwenye simu, kaniita, "mimi sihangaiki na vinamba, nitoe", nikamtoa, ningefanyaje na ndiye anayesaini likizo yangu. Ijumaa kaletewa barua ya kitapeli "boksi lako limejaa ingia hapa", kaingia, kaandika paswedi mwenyewe kwa mkono wake. Usiku wahuni wakaachia spamu, yaani barua taka, kupitia akaunti yake, Jumamosi nafika nakuta foleni ya Postfix (programu ya seva inayotuma barua) ina barua elfu arobaini zinasubiri kutoka, IP yetu, namba ya seva mtandaoni, Spamhaus wale wa orodha ya watuma spamu wameshaiorodhesha, kila tunachotuma kwa wateja kinarudi. Nimelala chumba cha seva siku mbili nafuta foleni na kuomba tuondolewe kwenye orodha. Jumatatu shukrani yangu ndo hiyo, simama wakuone.

Diski nazo zimejaa kwa ajili yake. Kaituma video ya harusi ya binti yake kwa ofisi nzima, mega 30, ikishafungwa kwenye barua inaongezeka kama theluthi inakuwa mega 40, watu 212, kila boksi na nakala yake, giga nane na ushee zimeliwa na keki na kwaito! Wengine wote kikomo chao giga 5, yeye hana kikomo kwa amri yake, boksi limefika giga 90 hafuti hata tangazo la magodoro. Dokezo la kuomba diski lina miezi saba mezani kwake, kaliwekea chupa ya maji juu. SPF na DKIM, zile za kuthibitisha barua kweli imetoka kwetu, hatuna mpaka leo na Google na Yahoo wamekaza tangu Februari 2024, ila siwezi kuziweka, domeini, jina letu la mtandaoni zinakowekwa hizo, inashikiliwa na shemeji yake aliyetutengenezea tovuti na shemeji simu hapokei. Nikiuliza naambiwa nina chuki na shemeji.

Na nilisimama wakuu. Watu 212 wananiangalia. Dada wa masijala, ambaye mwezi uliopita nilimrudishia barua zote alizofuta kwa bahati mbaya, akainamisha kichwa. Miaka sita barua zinafika asubuhi na jioni, hakuna siku alisema simama wakuone.

KobeMkavu: Kwani ulisimama kweli? Ungekaa tu mkuu.

Mwana wa Tandale: Nimesoma mpaka mama wa chai na birika nikashindwa kuendelea. Kwani chai ulipata?

FundiMitambo: Kosa ni lako. Ungeweka kikomo cha barua kwa saa kwa kila akaunti, hizo elfu arobaini zisingepita. Hapo shemeji anaingiaje?

Mleta uzi: Kikomo KIPO, barua 100 kwa saa, kwa wote isipokuwa yeye. Alikitoa siku ya kadi za mchango wa harusi. Mbona hamsomi jamani, mtu kaniambia simama wakuone!

MsomajiKimya: Giga nane kitu gani. Novemba 2016 NHS, huduma ya afya ya umma Uingereza, barua moja ya majaribio iliwafikia watu kama laki nane na elfu arobaini, wakaanza kujibu kwa wote "nitoeni kwenye hii orodha", mfumo ukaelemewa. Bosi wako bado anajifunza.

Kamau wa Ruiru: Pole sana bro. Huku kwetu HR ndiye ako na paswedi ya admin na anasomanga barua za kila mtu, ukiuliza unaitiwa kikao. Heri wewe uliambiwa usimame tu.

BintiStoo: Nyie mna printa? Sisi wino unafungiwa kabatini kwa mhasibu, karatasi moja unaandika barua.

Mzee wa UPS: Afadhali wino. Sisi AC ya chumba cha seva imehamishiwa kwa mkurugenzi, seva imewekewa feni ya kusimama, mlango wazi saa 24, paka kaingia kazalia nyuma ya UPS, lile betri la akiba umeme ukikatika, kwenye joto. Wanne.

KobeMkavu: Wanne??

Mwana wa Tandale: Wa rangi gani mkuu?

Mzee wa UPS: Wawili madoa, wawili weusi. Mama yao haruhusu mtu kugusa kebo, wiki ya pili sasa.

Mleta uzi: Jamani uzi huu ni wa SIMAMA WAKUONE.

BintiStoo: Mkuu subiri kidogo. Mzee wa UPS, huyo mmoja mwenye madoa nihifadhie, panya wamemaliza maboksi yote ya karatasi huku.

Mzee wa UPS: Njoo Ijumaa. Ila njoo na kikapu, na usiongee kwa sauti.