Krimu mbili zinanichanganya, sebule ipo Mikanjuni Tanga. Naombeni ushauri

Mama Mikanjuni:
Wadau, habari za mchana. Namalizia nyumba, plasta na skimu (lipu laini ya juu) tayari, nimekwama kwenye rangi ya sebule. Nina krimu mbili, kwenye vikadi vya sampuli vya dukani. Moja ina umanjano kwa mbali, kama samli iliyoganda. Nyingine imeelekea kijivu, kama mchanga mkavu wa ufukweni. Dukani sikuona tofauti yoyote. Nilipozisogeza ukutani kwangu, ile ya mchanga ikaanza kutoa uzambarau. Fundi anasema zote nyeupe tu, nitaje moja aanze kesho. Madirisha mawili yanatazama kusini, nje kuna mwembe mkubwa. Tailizi ni krimu yenye michirizi ya waridi, dari ni jipsamu nyeupe pe. Nichukue ipi?

Fundi wa Ngamiani:
Dada, asianze kesho. Kwanza plasta imemaliza lini? Ipe kama wiki nne. Ikiwa mbichi, chokaa na unyevu wake vinaila rangi, ukuta unatoka mabaka.
Halafu weka kila kikadi juu ya karatasi nyeupe, utaona kilichojificha ndani ya krimu. Nunua kopo dogo la kila moja, paka vipande viwili vya hadibodi, mikono miwili (yaani rudia mara mbili), vikauke kabisa. Rangi ya maji mbichi inakudanganya. Vitembeze ukuta hadi ukuta: asubuhi, saa saba mchana, magharibi, na usiku taa zikiwaka. Simamisha wima, chini kiguse tailizi. Ukikilaza mezani mwanga unakipiga vingine.

Mkaazi wa Raskazone:
Usiku ndiyo ulioniumiza mimi. Nilipaka krimu ya kijivu nikafunga balbu nyeupe kali, sebule ikawa baridi kama wodi. Nilikaribia kupaka upya. Nikabadilisha balbu tu, kutoka 6500K (mwanga mweupe wa baridi) kwenda 3000K (wa umanjano), imeandikwa kwenye boksi, ukuta ukatulia. Jaribu vipande vyako kwa balbu utakazotumia kweli.

Bin Pangani:
Mwembe usiupuuze. Mwanga uliopita kwenye majani unaingia na ukijani. Tena kwa Tanga, jua la mchana linakaa upande wa kusini kuanzia Oktoba hadi mapema Machi. Juni madirisha hayo hayalioni, mwanga wake unapoa. Mimi naona ya mchanga, lakini ona kwanza.

Mama Mikanjuni:
Ahsanteni sana. Plasta ilikuwa na siku 12 tu, nikamsimamisha fundi. Nimeishi na vipande wiki nzima. Ya samli ikikaa karibu na tailizi inazidi kuwa njano, na ile michirizi inaonekana kama uchafu. Ya mchanga nayo, ukijani wa mwembe umeuzima ule uzambarau. Saa kumi jioni ukuta umetulia kabisa. Nimechukua ya mchanga. Kuta ni kama mita za mraba 55, mikono miwili. Ndoo moja ya lita 20 itatosha?

Fundi wa Ngamiani:
Lita moja inakwenda kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 11 hivi. Itatosha na kubaki. Iliyobaki funga kifuniko vizuri, andika namba ya rangi juu yake. Ukija kuziba mkwaruzo, dukani wasikuchanganyie kwa kukisia.